Abiria Wasio na Nyuso

Bismillahi. Ingieni wote, mkae. Ruweida, simu hiyo iweke juu ya mto karibu na mdomo wangu, irekodi, kwa sababu pumzi yangu siku hizi ni ya kuazima na sina hakika kama nitaweza kusema jambo moja mara mbili. Haitham, mwanangu wa kwanza, ustadhi wetu wa madrasa, kaa hapo mkabala na mie. Silima, ondoka mlangoni. Viatu viache nje kama wenzako, usivishike mkononi kama mtu anayengoja kuambiwa aende zake. Leo huambiwi hivyo. Mwalim Kificho, na wewe Hamdan, ndugu yangu wa melini, nyie ndio mashahidi wangu wawili, kaeni hapo kitandani, na nikianza kwenda kombo na sheria, Mwalim, kohoa nisikie. Mie mwenyewe nitakohoa sana, lakini kukohoa kwangu hakuna fatwa yoyote ndani yake.

Sikilizeni basi, wanangu. Mie, Talib bin Ame, mkaazi wa Wawi, umri miaka sitini kasoro mmoja, mapafu yangu yamekwisha lakini akili zangu zipo, zile zile chache nilizozaliwa nazo, nnashuhudia kwamba hapana mola ila Allah na kwamba Muhammad ni mtume wake, na nnashuhudia kwamba haya nitakayoyasema nnayasema kwa hiari yangu, bila ya kulazimishwa na mtu, isipokuwa mauti, ambayo yamekuwa yakinihimiza tangu Jumatatu.

Mali yangu haina maneno mengi. Nyumba hii, mikarafuu kumi na tisa iliyoko bondeni, na michungwa aliyoipanda mama yenu, vitagawiwa kama Mwenyezi Mungu alivyogawa, nyie wanaume hisa mbili mbili na Ruweida hisa moja, wala sina ruhusa ya kuongeza wala kupunguza. Ninachokuombeni, kwa hisani tu, ni kwamba Ruweida asitolewe ndani ya nyumba hii mpaka atakapotaka mwenyewe kutoka, kwa maana ndiye aliyenigeuza ubavu mwaka mzima, akanilisha uji kwa kijiko, akavumilia mizaha yangu ya mgonjwa, ambayo ni mibaya kuliko ugonjwa. Chini ya kitanda hiki mna sanduku la bati, ndani yake mna matangazo kumi na mawili ya meli, madogo, niliyoyakata kwenye majarida ya zamani na sikuwahi kuyatundika kwa kukosa vioo. Hayo nnamuusia Hamdan, ambaye si mrithi wangu, na hayafiki theluthi ya chochote. Mwalim hajakohoa. Basi limepita.

Na kabla sijaingia kwenye lile nililokuitieni, nataka niyamalize yangu na Mwalim Kificho mbele yenu. Sisi watu wazima tumenuniana miaka tisa. Alisimama siku ya Ijumaa akahubiri juu ya watu wanaotundika picha za viumbe majumbani mwao, na muda wote akizungumza macho yake yalikuwa juu ya kofia yangu; nami nilipotoka msikitini niliapa kwamba hatakunywa tena kahawa barazani kwangu, na kweli hakunywa. Lakini nimefikiri sana, Mwalim, nikiwa nimelala chali hapa nikihesabu mabati. Wewe ulizichukia picha zangu na ukanambia. Ulikuja mpaka ukumbini, ukazitazama moja moja, ukasema, "Talib, hizi utakuja kuulizwa," ukavaa viatu vyako ukatoka. Hukugusa hata moja. Nisamehe kahawa ya miaka tisa, nami nimekusamehe hotuba.

Sasa nije kwenye picha zenyewe.

Watu wa Wawi wananiita Baharia, na mie jina hilo nimeliacha linifuate kwa sababu ni tamu, lakini mtu haendi kaburini na jina la uongo, kwa hiyo liandikeni hili: baba yenu hakuwa baharia. Alikuwa dobi. Miaka ishirini na sita nimefua mashuka, mataulo na vitambaa vya meza katika meli za watalii, kwenye chumba kilichokuwa chini ya usawa wa maji, hakina dirisha hata la kupitisha kidole, mashine nane zinanguruma pamoja ndiyo maana sikio langu la kushoto halisikii kitu. Nimepita mfereji wa Suez mara kumi na nne na sijauona. Brazili nimeipita nikipiga pasi suruali za wapiga muziki. Nilikuwa nikijua tumefika nchi za baridi pale abiria wanapoanza kuleta soksi za sufu, na nikijua tumerudi kwenye joto pale wanapozileta tena zikiwa hazikuvaliwa. Hamdan hapa alikuwa akikata vitunguu jikoni, yeye alikuwa na dirisha, dogo kama sahani, na kila jioni aliponihadithia alichokiona nilikuwa nikimwonea wivu mpaka nalala nimemgeuzia mgongo.

Na kitu kilichonikera kuliko vyote ni kwamba meli yenyewe sikuwa nikiiona. Tulikuwa tukipandia kwa mlango wa nyuma wa mizigo, gizani, katikati ya makontena, na tukishukia huko huko. Mtu akiniuliza bomba la moshi la meli yetu lina rangi gani, nilikuwa sijui. Niliishi miaka katika nyumba ambayo sijawahi kuiona paa.

Ndipo siku moja, Marseille, mvua inanyesha, nikaingia kwenye soko la vitu vikuukuu kujikinga tu, nikakuta mzee mmoja ametandaza karatasi juu ya meza. Zamani, kabla ndege hazijawa kitu cha kila mtu, makampuni ya meli za abiria yalikuwa yakichapisha matangazo ya kuwatamanisha watu wasafiri, mengine ukurasa mmoja wa jarida, mengine mabango makubwa ya kubandikwa kwenye kuta za miji. Meli zenyewe zilikwisha kukatwa vyuma kabla mie sijavaa suruali ndefu. Lakini pale juu ya karatasi ilikuwepo meli nzima, imechorwa na mtu aliyekaa chini majini akatazama juu, pua yake imenyanyuka kama mnara wa msikiti, na kando yake kijimashua kidogo kama kunguni. Nilisimama pale mpaka mvua ikakatika. Wanangu, ilikuwa mara ya kwanza kuona kile nilichokuwa nikiishi ndani yake. Mzee yule alitaka bei ya watu wenye madirisha. Nami nikamwangalia kola ya shati lake, nikamwambia kwa vidole na Kifaransa cha kuombea maji, nipe mashati yako yote, nitayarudisha kesho uone. Akanipa saba. Kesho yake alivaa shati moja pale pale sokoni, akajitazama kwenye kioo cha duka la jirani, akanikabidhi karatasi ile kama anayekabidhi mtoto.

Hivyo ndivyo nilivyokusanya. Watu waliniona mjinga kila bandari. Wenzangu walileta redio, walileta vitambaa, walileta cherehani kwa wake zao. Mie nilishuka Mkoani na mrija wa bati umejaa karatasi, na forodhani waliponifungua walicheka mpaka wakasahau kunitoza chochote. Siku ya kwanza mama yenu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliponiona nazitundika, aliniuliza, "Bwana wee, umekwenda Ulaya miezi tisa umeniletea kuta?" Lakini baadaye ndiye aliyezijua kuliko mie. Lile tangazo la safari za Afrika Mashariki, ambalo mchoraji alitaka kuonyesha visiwa vya karafuu na kwa kuwa hajafika akachora mnazi, piramidi na ngamia, ndilo alilolipenda, kila mgeni alimwonyesha, akimwuliza, "Hebu nambie, ngamia huyu alipita Chake lini, mbona hatukupewa habari?"

Na bibi wa kofia. Yule nilimpata Genoa, kwenye ukuta wa mkahawa uliokuwa ukivunjwa. Amesimama kwenye ukingo wa meli, kofia yake pana, glovu hadi kwenye kiwiko, anamwangalia mtu aliye nje ya picha na anataka kucheka lakini anajizuia. Mafundi walikuwa na nyundo mkononi. Nikawaomba siku moja tu, nikaleta pasi ya mvuke kutoka melini, nikambandua ukutani kidogo kidogo, saa nne nzima, alipochanika kidevuni nikamtia gundi ya unga wa ngano, nikamlaza juu ya shuka, nikampiga pasi kwa upande wa nyuma. Sijapata kufanya kazi safi kama ile. Mama yenu alimwita mke mwenza. Akipita na fagio: "Mke mwenza, wewe umekaa tu." Akiunguza mchuzi: "Mke mwenza, usimwambie." Na kila inaposomwa hitima au maulidi katika nyumba hii, kabla wasomaji hawajaingia, alikuwa akizigeuza picha zote zitazame ukuta, ili malaika wa rehema, ambao hawaingii penye sura za viumbe, wasizuilike, kama mjuavyo, na kila mara akianza na yule: "Pumzika, mwenzangu, wanaume wanakuja." Wakishaondoka na vyungu vikishasafishwa, anazigeuza tena. Kazi hiyo alikuwa hamwachii mtu. Mie nimetundika, lakini aliyekuwa akizigeuza ni mama yenu, Saada wangu.

Mnaona basi ilivyokuwa. Alipofariki, mwaka juzi, zikageuzwa zote kwa ajili ya matanga, arubaini na tatu, sijui ni nyie mlizigeuza au majirani. Hitima ikaisha, arubaini ikaisha, watu wakarudi makwao, na mie nikawa siwezi kunyanyua mkono. Nilihisi nikizigeuza nitakuwa nimesema, haya, kazi yako imepata mtu mwengine. Nikaziacha. Miezi kumi na moja nilikunywa chai yangu ya asubuhi mbele ya migongo ya fremu arubaini na tatu, karatasi za kaki na misumari, na watu waliodhani nimeongoka wakanipa mkono wa heri, hata wewe Mwalim uliniletea kitabu.

Nipeni maji kidogo.

Ahsante, mwanangu. Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipodhulumu.

Siku ya Idd ndogo ya mwaka jana, nyote mlikuwa hapa, biriani imepakuliwa, nikasema nijaribu, nigeuze moja tu. Nikachagua ile ya karibu na mlango kwa sababu haina mtu hata mmoja, ni meli, mabomba matatu ya moshi na bahari, nikaona hiyo haitaniliza. Nikaigeuza. Na mie, wanangu, huenda sijui dunia, lakini karatasi na nguo nnazijua kwa ncha za vidole. Matangazo yale ya zamani yalichapwa kwa jiwe, rangi moja ikilazwa juu ya nyingine, ukipitisha kidole unahisi mfano wa unga. Hii ilikuwa laini kama kipande cha sabuni. Nikavaa miwani, nikaisogelea, nikaona vidoto vidoto kama ngozi ya mtoto mwenye surua. Kopi ya mashine. Mtu alikuwa amefungua fremu, ameichukua yangu, ameweka kopi, na ameigeuza tena ukutani kwa heshima zote za msiba.

Na katika nyumba yetu mwenye duka la kopi alikuwa nani? Silima. Pale Chake, vyeti vya kuzaliwa, kadi za harusi, picha za paspoti. Sikugeuza ya pili. Laiti ningegeuza ya pili tu, ile ya bibi wa kofia iliyokuwa pembeni yake kabisa, nisingekuwa nasema haya leo. Lakini moyo wangu ulikuwa umekwisha kufua, kuanika na kukunja. Nilisimama mbele ya wageni wote nikasema, "Silima, umemwibia mama yako naye yuko kaburini."

Ukacheka, mwanangu. Wewe ukiogopa unacheka, umerithi kwangu, na mie niliyekurithisha ndiye niliyesahau. Ukasema, "Baba, mie nikitaka kuiba nitaiba kitu wanachokitaka watu. Nani Pemba hii atanunua meli iliyokufa?" Ilikuwa hoja nzuri kuliko zote zilizosemwa siku ile, na mie nikakuona fidhuli. Nikakwambia utoke. Nikakwambia, na Mwalim, uliyekuja kutoa mkono wa Idd tu, ulisikia, kwamba siku nitakapokufa usije ukanizika. Ulivishika viatu vyako mkononi, ukatoka hivyo hivyo miguu mitupu mpaka barabarani, ukafunga duka, ukahamia Micheweni, na tangu siku ile mpaka jana mie na wewe hatujasema neno.

Haitham, wewe siku ile ulikuwa unamenya chungwa. Nnakumbuka, kwa sababu ganda lilikuwa linatoka moja kwa moja bila kukatika, na nilipokuwa nikipiga kelele macho yangu yalikuwa juu ya ganda lile. Ulilimaliza. Ukanipa nusu.

Mwezi uliopita daktari aliponambia nirudi nyumbani nikae na watu wangu, niliyaelewa maneno yake, nikamwambia Ruweida azigeuze zote. Nilisema, hata kama ni kopi, nife nikimwona mke mwenza wa Saada. Ruweida akageuza ya kwanza, akaisogelea. Akageuza ya pili. Nikamwuliza, "Vije, mwanangu, mbona kimya?" Akasema, "Baba, huyu bibi hana uso."

Tuliziangalia zote. Kofia ipo, glovu zipo, ukingo wa meli upo, na mahali pa uso pameachwa pakavu, rangi ya biskuti. Watoto waliokuwa wakicheza mpira juu ya meli, hawana nyuso. Nahodha ana masharubu ya hewa. Wachezaji dansi, wapishi wenye sinia, mama aliyepunga leso, abiria mia mbili na zaidi, nyuso zote zimefutwa kwa kompyuta, moja moja, kwa uangalifu wa mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Hata ngamia hakusalimika. Ngamia ana nundu, ana miguu minne, hana kichwa.

Nilicheka mpaka Ruweida akakimbilia simu amwite daktari. Kisha nikaacha kucheka. Kwa sababu, wanangu, mwizi gani duniani ataiba picha arubaini na tatu, atengeneze kopi ili asijulikane, halafu azikate vichwa zijulikane? Ni mtu mmoja tu. Ni mtu aliyesoma kwamba picha ni kichwa, na kichwa kikiondoka hiyo si picha tena, na ambaye hakuweza, hata kwa ajili ya kujificha, kuubeba mzigo wa kuchapisha uso wa kiumbe. Kuchukua cha baba yake aliweza. Kuchapisha ngamia akaogopa moto.

Haitham. Usiinamishe kichwa, nitazame. Nilikuuliza mara tatu, maana nilitaka lije kutoka kwako. Mara ya kwanza nilikwambia, "Hizi picha zimepatwa na nini?" Ukanijibu, "Unyevu, baba." Mwanangu, unyevu gani huo unaojua fikhi? Mara ya pili ukanambia nimche Mungu, niache mawazo ya dunia. Mara ya tatu, Ijumaa hii iliyopita, nilikuuliza jambo jengine kabisa. Nilikwambia, "Unadhani Silima nilimdhulumu?" Ukasema, "Allah ndiye ajuaye." Ni kweli, ndiye ajuaye. Lakini na wewe ulikuwa unajua.

Na usidhani nnakuhukumu kwa nyuso zilizofutwa peke yake. Hamdan hapa alikwenda Unguja kumtazama binti yake, anayefanya usafi kwenye hoteli moja ya ufukweni, jina tuliache. Akaingia ukumbi wa chakula, akamwona bibi wa kofia ukutani, na uso wake, na kovu lake la kidevuni nililolitia gundi kwa mkono wangu. Akamwuliza msimamizi, "Huyu mmempata wapi?" Akaambiwa, "Tuliuziwa na ustadhi mmoja wa Pemba, mtu mwenye adabu sana, tulipomfungua yeye aligeukia upande wa pili." Hamdan akarudi, siku tatu hakuja kwangu. Alipokuja alikaa hapo, akalia, na mie sijamwona Hamdan akilia tangu aache vitunguu.

Nnajua utakachosema. Kwamba uliisafisha nyumba ili mama yako apate nuru kaburini, na kwamba kilichopatikana kilijenga mahali pa kutilia udhu kwenye madrasa yako, vile vigae vya kijani ambavyo mwaka jana ulinipeleka kwa kiti cha magurudumu nikaviombee dua. Niliviombea. Lakini mtu anayesafisha nyumba hatii kopi mahala pa uchafu. Na ungekuja siku zile za msiba ukanambia, baba, zitoe, zinamzuilia mama, mie nilivyokuwa, ningekupa zote kwa mikono yangu, ningekupa na meno. Hukunambia. Uliutumia mgongo wa picha, ambao mama yako aliugeuza kwa heshima miaka yote, ukaufanya mlango wako.

Na hata hilo nimelimeza. Karatasi ni karatasi, nimefua vitu vya thamani zaidi vikachuja. Sikujua kama nnaweza kuumia hivi kwa sababu ya chungwa. Ndugu yako anatoka miguu mitupu, amekata tamaa ya kuzikwa na baba, nimekosea, ya kumzika baba, na wewe uliyejua unamenya chungwa ganda lisikatike. Mie niliibiwa na mtoto wangu mmoja. Yeye aliibiwa baba.

Subirini. Pumzi.

Haya. Maagizo yangu ni haya. Picha zilizoko Unguja msizidai, wala jambo hili lisipelekwe kwa sheha wala polisi. Bibi ana uso kule, waacheni wanaokula wamwangalie. Nikifa, maiti yangu ataiosha Silima, na Mwalim Kificho atamwelekeza, maana kijana hajui. Na msinisugue kwa hasira, nimekuwa dobi, nnajua kitambaa kilichochakaa kinavyochanika. Sala ya jeneza ataiongoza Mwalim. Haitham, wewe utasimama safu ya pili. Watu watashangaa kwa nini si wewe. Waache washangae, usiwajibu, na nyie wengine msiwajibu.

Mirathi yako hakuna atakayeigusa. Lakini radhi si mirathi. Haina hisa mbili wala moja, na mie nnaiweka nnapotaka. Usilie sasa. Ukilia nitakuhurumia, na huruma hiyo nimekwisha kuikabidhi. Radhi yangu kwako, Haitham, nimeiweka kwa Silima. Hapana shehe atakayekupa, wala hija haitakuletea. Utakwenda Micheweni, utapiga hodi nyumbani kwa mdogo wako, utakaa chini umweleze tangu mwanzo, na ganda la chungwa uliseme. Siku atakapokwambia, "Baba kakuridhia," basi nimekuridhia, huko nitakakokuwa.

Na wewe Silima, usimjibu leo. Nnakujua, utataka kufanya mzaha, useme yamepita, watu wacheke tuondoke. Mwache aje. Akimaliza kueleza, ukiona moyo umelainika, mwambie. Ukiona bado, mpe chai, anywe, arudi kwake, aje tena siku nyengine. Yeye ana siku.

Ruweida, uliyenishika mkono usiuachie, Mungu akushike kama ulivyonishika. Silima, akupe watoto wanaocheka wakiogopa, na baba mwenye akili kuliko huyu. Haitham, akulainishie njia ya Micheweni. Akupeni nyote... akupeni kuonana nyuso kwa nyuso. Nimechoka.

Limebaki moja. Silima, sogea. Upande wa kulia, huku kwengine hakusikii. Nami nimo katika hao wanaokuomba. Nilikutoa mbele ya watu, kwa jambo ambalo ningeligundua kwa kunyoosha mkono tu. Haitham ataweza kuja Micheweni, mie siwezi. Kwa hiyo mie nijibu leo.

Chukua muda wako. Lakini usichukue sana.

Umesema nini? Ruweida, amesema nini?

Chai.

Amesema chai. Haya. Ni haki yako, mwanangu, mie mwenyewe ndiye niliyeiweka sheria hiyo, hata Mwalim hajakohoa. Ruweida, bandika birika. Nitajaribu kungoja.